Stanley: jina la kuazima lililobaki kwenye jiwe la Mugere

Malori yanayotoka Zone Industrielle ya Bujumbura kwenda Rumonge hushika barabara ya kusini ifuatayo ufuo wa Ziwa Tanganyika. Yapata kilomita kumi baada ya kuuacha mji, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni wengi huliendea jiwe hilo wakiamini kwamba hapo ndipo Wazungu hao wawili walipoonana mara ya kwanza. Sivyo. Walikwisha kuonana Ujiji majuma machache kabla ya hapo. Mugere walipumzika siku mbili tu, wakiwa wageni wa mtawala wa sehemu hiyo aliyeitwa Mukamba.

Kati ya majina hayo mawili, la pili lina kisa kirefu zaidi, kwa sababu mwenyewe hakuzaliwa nalo.

Stanley ni jina la kale la Kiingereza lenye maana ya uwanda wa mawe uliofyekwa msituni. Lilikuwa jina la vijiji kwanza, kisha likawa la koo, na mwishowe likawa jina wanalopewa watoto wa kiume. Mji mkuu wa visiwa vya Falkland unaitwa Stanley kwa heshima ya waziri mmoja wa Uingereza. Mwandishi wa Kimarekani Tennessee Williams alimpa jina hilo mhusika wake Stanley Kowalski katika tamthilia ya mwaka 1947. Afrika Mashariki na ya Kati, hata hivyo, jina hilo linapotajwa humkumbusha msikilizaji mtu mmoja: Henry Morton Stanley.

Mtoto asiye na baba

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji wa Denbigh, Wales, akaandikishwa kwa jina la John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana ambaye hajaolewa, na kitabu cha vizazi kilimtaja mtoto kuwa ni mwanaharamu. Alilelewa na babu yake. Babu alipofariki, mtoto akiwa na miaka mitano, ndugu hawakutaka mzigo huo. Mwaka 1847 alipelekwa St Asaph, katika nyumba ya kutunzia mafukara, na huko alikaa hadi mwaka 1856.

Akiwa kijana wa miaka kumi na minane alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi wa melini. Katika mji huo alikuwapo mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Kijana alilitwaa jina la tajiri huyo. Baadaye alisimulia kwamba tajiri alimfanya mwanawe wa kupanga, lakini wanahistoria waliochunguza habari hiyo wanaitilia shaka. Jina la Morton aliliongeza baada ya miaka kadhaa, akiisha kujaribu mengine. Hivyo mtu ambaye jina lake lingeandikwa kwenye ramani za Afrika alikuwa amejitungia jina hilo mwenyewe, ili aikimbie aibu ya kuzaliwa kwake.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana upande wa Kusini, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh mwaka 1862, kisha akahamia upande wa Kaskazini. Baada ya vita akawa mwandishi wa habari wa gazeti la New York Herald. Mwenye gazeti hilo, James Gordon Bennett, ndiye aliyemtuma kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi ambaye habari zake zilikuwa zimekatika.

Kutoka Bagamoyo hadi Ruzizi

Stanley alifika Unguja Januari 1871, na miezi michache baadaye akaondoka Bagamoyo na msafara mkubwa. Mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India, ambaye tayari alikuwa ameyafikia maziwa makuu pamoja na Burton na Speke. Waungwana wa Unguja na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba nguo, shanga na nyaya za kulipia hongo njiani. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili.

Baada ya kukutana Ujiji, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kwenda kaskazini, wakiwa pamoja na wapiga makasia, mkalimani na mpishi. Walitaka jibu la swali moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, huenda Ziwa Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nile. Walitua Mugere, kisha wakavuka ncha ya ziwa, jirani na uwanda ambao leo una bandari na viwanda vya Bujumbura. Wakati huo mji haukuwapo. Walipofika kwenye midomo ya mto waliona kwa macho yao kwamba Ruzizi unaingia ziwani.

Waliagana karibu na Tabora Machi 1872, na hawakuonana tena. Livingstone alifariki mwaka uliofuata, na Stanley alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake jijini London.

Mvunja mawe

Kati ya mwaka 1874 na 1877 Stanley alivuka bara kutoka Bagamoyo hadi Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo. Alilizunguka Ziwa Victoria, akapokewa na Kabaka Mutesa wa Buganda, akalizunguka Ziwa Tanganyika, na kusindikizwa sehemu ya njia na Tippu Tip. Wazungu wote watatu aliotoka nao walikufa, na wengi katika wapagazi hawakurudi. Katika kisiwa cha Bumbire mwaka 1875 aliwafyatulia risasi wakazi kulipiza kisasi, na tendo hilo lilimletea lawama hata huko kwao.

Kuanzia mwaka 1879 alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alifungua vituo kando ya mto Kongo, akawatia machifu katika mikataba, na kujenga barabara kwa kupasua miamba. Wakongo walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Katika Dola Huru ya Kongo, ambako watu walilazimishwa kutoa mpira kwa mjeledi na bunduki, jina hilo likageuka kuwa jina la serikali yenyewe. Wazee walilitaja kwa hofu.

Safari yake ya mwisho, ya kumtoa Emin Pasha, ilimalizika Bagamoyo Desemba 1889. Alioa mwaka 1890, akawa mbunge, akapewa cheo cha heshima na Malkia Victoria, na kufariki London tarehe 10 Mei 1904. Hakuruhusiwa kuzikwa pamoja na Livingstone katika kanisa la Westminster. Alizikwa kijijini Pirbright, chini ya jiwe lililoandikwa jina lake na, chini yake, Bula Matari.

Majina yaliyofutwa

Mwaka 1966 mji wa Stanleyville ukawa Kisangani. Maporomoko ya Stanley yakaitwa Boyoma, na ziwa la mto lililo mbele ya Kinshasa likaitwa Malebo. Sanamu yake iliyokuwa Kinshasa iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, mlima mrefu kuliko yote ya Ruwenzori bado unaitwa Stanley, na hoteli moja maarufu ya Nairobi pia. Denbigh alikozaliwa, sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011. Wakazi walipoulizwa kwa kura mwaka 2021 kama iondolewe, walio wengi walitaka ibaki.

Jiwe la Mugere nalo lipo. Lina majina ya watu wawili tu, na hakuna hata jina moja la wapiga makasia waliowafikisha hapo wala la Mukamba aliyewapokea. Lakini lugha iliyoongozwa njiani na misafara kama ile haikurudi nayo pwani. Ilibaki Ujiji, ikapanda kando ya ziwa, na leo ndiyo inayosikika katika nyumba, misikiti na maduka ya Buyenzi. Wapagazi wale hawakuchongewa jiwe, na wajukuu wa misafara hiyo ndio wanaoweza kuyataja majina yao.