John Dickinson: Aliyewafungulia Wafanyabiashara Mipaka

John Dickinson alizaliwa Maryland, Marekani, mwaka 1732, akasomea sheria London. Mwaka 1776 hakutia saini Azimio la Uhuru, akiona wakati haujafika; wengi wakamwita mwoga. Hata hivyo, ndiye aliyeandika rasimu ya katiba ya kwanza ya muungano wa majimbo 13, iliyoanza kutumika mwaka 1781.

Katiba hiyo hulaumiwa kwa kuinyima serikali kuu uwezo wa kutoza kodi. Lakini iliwapa watu huru haki ya kuingia na kutoka jimbo lolote, na kufanya biashara kwa ushuru uleule wa wenyeji. Watumwa waliachwa nje. Wa kwake Dickinson aliwapa uhuru.

Alifariki mwaka 1808. Anayevuka mpaka na mzigo kichwani anaijua thamani ya kifungu kile.