JOSEPH WHITWORTH: MTU ALIYEZIPA PARAFUJO SHERIA

Katika kila karakana inayotengeneza magari ya kale ya Kiingereza kuna tatizo moja linalomsumbua fundi chipukizi. Amejipatia seti nzuri ya soketi za milimita, tena anayo na nyingine ya inchi. Walakini nati iliyo mbele yake haikubali hata moja. Soketi ya milimita 13 haiingii, na ile ya milimita 14 inachezacheza. Akizidi kutumia nguvu, pembe za nati hulika, na kazi ya dakika tano ikawa kazi ya kutwa nzima.

Nati hiyo haina kosa lolote. Ilizaliwa chini ya sheria nyingine, na mtungaji wa sheria hiyo alikuwa Joseph Whitworth wa Uingereza, aliyefariki dunia mwaka 1887. Maisha ya mtu huyu yafaa yasimuliwe, si kwa sababu ya parafujo peke yake, bali kwa kuwa yanatuonyesha kwa nini wazo moja hupokewa na ulimwengu mzima na wazo jingine la mtu yule yule likakataliwa.

Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba, 1803, katika mji wa Stockport. Baba yake alikuwa mwalimu na mhubiri. Alipofikia umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire, kwa matumaini kwamba siku moja angekuwa mshirika katika biashara ile. Lakini kijana hakupendezwa na pamba. Alipendezwa na mashine zilizoisokota. Baada ya miaka michache aliondoka akaenda Manchester kuwa fundi wa kawaida wa mashine.

Mwaka 1825 alifunga safari ya London, akaajiriwa katika karakana ya Henry Maudslay, bingwa mkubwa wa mashine za kukereza chuma wa zama zile. Huko ndiko alikoanza kushughulika na jambo lililoonekana dogo, nalo ni kupata bapa la chuma lililo sawa kabisa. Mafundi walizoea kusugua bapa moja juu ya jingine, wakidhani kwamba mawili yakishikana vema basi yote mawili yamenyooka. Kumbe sivyo, kwa maana bapa lenye tumbo hushikana vizuri na bapa lenye shimo. Whitworth alitumia mabapa matatu. Aliyalinganisha mawili mawili kwa zamu, akipaka rangi ili kuonyesha palipoinuka, kisha akakwangua pale tu. Mabapa matatu yanapopatana yote kwa zamu, hakuna hata moja linaloweza kuficha kasoro yake.

Vilevile alifanya kazi kwa Joseph Clement, ambaye karakana yake ilikuwa ikiunda mashine ya kukokotoa hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage. Mnamo mwaka 1833 alirejea Manchester akafungua karakana yake mwenyewe. Sifa za mashine zake zilienea upesi. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 alionyesha chombo cha kupimia kilichoweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi.

SHERIA YA MWAKA 1841

Siku zile kila karakana ilikuwa na hesi zake, yaani nyuzi za parafujo zilizokatwa kwa kadiri ya matakwa ya mwenye mali. Bolti iliyotoka katika kiwanda kimoja haikuweza kuingia katika nati ya kiwanda kingine. Mashine ikiharibika mbali na kwao, ilibidi bolti mpya ichongwe mahsusi kwa ajili yake, au mashine ikae bure.

Whitworth hakuwalazimisha wenzake wafuate parafujo zake. Alikusanya parafujo kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, kisha akatafuta wastani wake. Mwaka 1841 aliwasilisha pendekezo lake mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London. Pembe ya nyuzi iwe digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya nyuzi: bolti ya robo inchi iwe na nyuzi 20 katika kila inchi, ya nusu inchi iwe na 12, na ya inchi moja iwe na 8.

Kwa kuwa wastani ule haukuwa mbali sana na desturi ya mtu yeyote, kila mmoja aliachia kidogo, na wote wakapata kingi. Makampuni ya reli yaliupokea, na viwanda vikafuata. Wakati wa Vita vya Krimea, vilivyomalizika mwaka 1856, serikali ilipohitaji kwa haraka injini za mashua zake za mizinga, iliwezekana sehemu zake zitengenezwe katika karakana mbalimbali na kuunganishwa mahali pamoja.

BUNDUKI ILIYOKATALIWA

Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilimtaka Whitworth ashauri juu ya mashine za kutengenezea mitutu ya bunduki za Enfield. Yeye alijibu kwamba yampasa kwanza ajue mtutu bora ni upi. Akajenga nyumbani kwake, nje ya Manchester, uwanja wa shabaha wenye urefu wa yadi 500 na kufanya majaribio mengi. Matokeo yake yalikuwa bunduki yenye tundu la pembe sita lililojisokota, lenye upana wa inchi 0.451, ilhali lile la Enfield lilikuwa na inchi 0.577.

Majaribio ya mwaka 1857 yalithibitisha kwamba bunduki hiyo ilipata shabaha kwa umbali wa yadi 2,000, na Enfield iliishia yadi 1,400. Hata hivyo jeshi la Uingereza halikuipokea iwe silaha ya askari wote. Bei yake ilikuwa kubwa, na tundu lake jembamba liliziba upesi kwa masizi ya baruti. Katika mikono ya mlenga shabaha mtulivu ilikuwa ya kuogofya. Katika mikono ya askari wa kawaida, kwenye matope na haraka ya mapambano, ilikuwa mzigo. Idadi ndogo ilinunuliwa na majeshi ya majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Inaaminika kwamba ndiyo iliyomwua Jenerali John Sedgwick huko Spotsylvania tarehe 9 Mei, 1864, kwa risasi iliyotoka mbali sana.

Hapa ndipo lilipo funzo kubwa la maisha yake. Parafujo yake haikuwa bora kuliko zote. Ilikuwa ile ambayo wote waliweza kukubaliana juu yake. Bunduki yake ilikuwa bora kuliko nyingine kwa shabaha, lakini haikumvumilia mtumiaji.

Whitworth alikuwa mtu tajiri. Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wenye elimu ya nadharia pamoja na ustadi wa mikono, na ufadhili huo ungalipo hata leo. Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha heshima cha baroneti. Alifariki huko Monte Carlo tarehe 22 Januari, 1887, akiwa na umri wa miaka 83, bila kuacha mtoto. Sehemu ya mali yake ilitumika kuanzisha jumba la sanaa la Manchester linaloitwa kwa jina lake.

URITHI WAKE KATIKA SANDUKU LA SPANA

Wakati Whitworth yu hai, mwaka 1864, William Sellers wa Marekani alikwisha pendekeza hesi ya digrii 60. Katika Vita Kuu ya Pili tofauti hiyo iliwagharimu washirika, kwani bolti za upande mmoja hazikuweza kutengeneza magari ya upande wa pili. Ndipo mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipopatana juu ya hesi moja ya inchi yenye digrii 60. Mwaka 1965 taasisi ya viwango ya Uingereza ilitangaza kwamba hesi za Whitworth zianze kuachwa, na zile za milimita zipewe nafasi ya kwanza.

Kwa sababu hiyo gari la kale laweza kuwa na sheria tatu ndani yake. Mwenye kununua soketi hana budi kujua maana ya nambari zake. Nambari ya soketi ya milimita, na ya soketi ya inchi ya Kimarekani, ni upana wa nati. Nambari ya Whitworth ni unene wa bolti. Kwa hiyo nusu inchi ya Kimarekani ni milimita 12.7, lakini nusu inchi ya Whitworth ni kama milimita 23.4. Zaidi ya hayo, vichwa vya bolti za Whitworth vilipunguzwa wakati wa vita ili kuokoa chuma, na ndiyo sababu spana nyingi za aina hiyo zina nambari mbili.

Zipo soketi zinazoweza kusaidiana: milimita 19 na robo tatu ya inchi zakaribia kuwa sawa. Lakini soketi ya milimita 13 juu ya nati ya nusu inchi ni adui wa nati hiyo. Afadhali soketi yenye pembe sita kuliko ile yenye pembe kumi na mbili, maana huzikamata bapa za nati badala ya ncha zake. Wala kichwa kisitumiwe kuhukumu hesi: injini za MG za miaka ya 1940 zilikuwa na hesi za milimita chini ya vichwa vya Whitworth, kwa sababu zilitoka katika kiwanda cha Coventry kilichokuwa zamani cha kampuni ya Kifaransa, Hotchkiss. Fundi mwangalifu huipima nati kwanza, kisha huzipima nyuzi, ndipo akashika mpini.

Na mpini huo wenyewe, hata ule wa seti ya milimita, hushika soketi kwa mraba wa robo inchi, au wa nusu inchi. Sheria ya Whitworth imestaafu, lakini haja aliyoiona ya kukubaliana juu ya kipimo kabla ya kuanza kazi ingali pale pale. Gari linalongoja bolti moja ni sawa na gari ambalo halipo.