Tswett: Mtaalamu wa mimea aliyezitenga rangi akafa bila tuzo

KWA miongo mingi, mkulima wa pareto aliyepeleka maua makavu Nakuru kutoka Molo, Elburgon au Mau Narok hakulipwa kwa uzani pekee. Kilichotafutwa ndani ya ua ni pairethrini, sumu ya kuulia wadudu ambayo kwa kawaida huwa asilimia 1 hadi 2 tu ya uzani wa ua lililokaushwa, na malipo yalifuata kiwango hicho. Sumu yenyewe si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa viambato sita vinavyofanana mno. Basi aliyeamua thamani ya jasho la mkulima alikuwa mtaalamu wa maabara, na kipimo kikikosewa, hakuna mizani ya sokoni ambayo ingemwokoa.

Njia iliyowezesha wanasayansi kuvitenga viambato vya namna hiyo huitwa kromatografia. Mwasisi wake hakuwa mwanakemia. Alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi aliyezaliwa Italia na kulelewa Uswisi, na maisha yake yalikuwa ya kuhamahama tangu siku ya kwanza.

Mikhail Tswett alizaliwa Mei 14, 1872 katika mji wa Asti. Babake alikuwa ofisa wa serikali ya Urusi, na mamake Mwitaliano alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Kijana huyo alisomea Lausanne na Geneva, na mnamo 1896 Chuo Kikuu cha Geneva kilimtunuku shahada ya uzamifu. Mwaka huohuo alihamia St Petersburg, na huko akapata pigo lake la kwanza: shahada yake haikutambuliwa nchini Urusi. Wasomi wetu waliowahi kurejea nyumbani na vyeti vya ng'ambo wanaifahamu adha hiyo. Daktari wa falsafa alilazimika kurudi nyuma na kutafuta shahada ya uzamili, aliyoipata Kazan mwaka wa 1901, ndipo akaajiriwa kama msaidizi tu katika Chuo Kikuu cha Warsaw, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi.

Swali lililomkosesha usingizi lilikuwa jepesi kulitamka: ule ukijani wa jani ni kitu gani? Wanakemia wa enzi hiyo walizitoa rangi za majani kwa dawa kali na moto. Tswett alishuku kwamba ukali huo uliziharibu rangi zilizokuwamo na kuzaa nyingine ambazo jani halikuwa nazo. Aligundua pia jambo la ajabu. Petroli iliyosafishwa ilitoa karotini ya manjano kwa urahisi lakini ukijani ukabaki umeng'ang'ania jani. Alipotia spiriti kidogo, kila rangi ilitoka. Akahitimisha kwamba rangi hizo hunata kwenye nyuzi za jani, kila moja kwa nguvu yake.

Ikiwa ndivyo, aliwaza, kunata huko kwaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kazi. Alichukua mrija mwembamba wa kioo, akaushindilia unga mkavu wa chaki, akamimina juu yake maji ya rangi za majani, kisha akaendelea kumimina kimiminika safi. Rangi zilishuka, lakini si kwa mwendo mmoja. Isiyonata sana ilitangulia na inayonata ilibaki nyuma. Punde si punde mrija ulikuwa na mikanda kama ya leso: karotini ikiwa mbele kabisa, kisha njano nyingine, kijani chenye usamawati, na juu yake kijani chenye umanjano. Hivyo kijani kimoja cha jani kikadhihirika kuwa viwili. Aliusukuma unga nje ya mrija, akaikata mikanda kwa kisu na kuosha kila rangi peke yake. Hakuna moto wala tindikali.

Aliyaeleza hayo kwa mara ya kwanza Machi 21, 1903 mbele ya chama cha wanasayansi wa viumbe mjini Warsaw. Baadaye alijaribu zaidi ya aina 100 za unga, ukiwemo wa sukari. Mwaka wa 1906 alichapisha makala mawili katika jarida la Kijerumani la wataalamu wa mimea, na humo akaipa mbinu yake jina kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jina Tswett lenyewe kwa Kirusi humaanisha rangi, na wapo waliokisia kwamba mwenyewe alijificha ndani ya jina hilo.

Wakubwa wa taaluma hawakumpokea. Leon Marchlewski, mwanakemia wa Poland, alimpinga waziwazi. Richard Willstätter wa Ujerumani aliijaribu mbinu hiyo, akaona klorofili inaharibika, akaiweka kando. Tswett alikuwa ametahadharisha kwamba unga mkali mno huharibu rangi, ila onyo hilo halikuzingatiwa. Kwa maoni yangu, kosa lake kubwa machoni pao lilikuwa kuingia shamba la wengine: mtu wa mimea angewafunza nini wanakemia? Willstätter alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea.

Wakati huo Tswett alikuwa mkimbizi. Kitabu chake kikuu kilikuwa kimetoka mwaka wa 1910 kwa Kirusi, lugha ambayo wengi wa wapinzani wake hawakuisoma. Wajerumani walipoiteka Warsaw mwaka wa 1915, taasisi alimofundisha ilihamishiwa Moscow, kisha Nizhny Novgorod. Mnamo 1917 alipata uprofesa katika mji unaoitwa leo Tartu, Estonia. Mwaka uliofuata Wajerumani wakafika huko pia, naye akakimbilia Voronezh. Mwaka huo wa 1918 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, lakini ikaenda kwa Fritz Haber. Alifariki Voronezh Juni 26, 1919, akiwa na umri wa miaka 47.

Mbinu yake ililala hadi 1931, wakati Edgar Lederer, akifanya kazi katika maabara ya Richard Kuhn mjini Heidelberg, alipoitumia kuzitenga rangi za kiini cha yai. Archer Martin na Richard Synge waliipa sura mpya mwaka wa 1941, na wakatuzwa Nobel mwaka wa 1952.

Neno karotinoidi, kwa kundi la rangi za manjano na nyekundu za viumbe, ni la Tswett pia. Alilibuni mwaka wa 1911. Rangi za kundi hilo ndizo zinazompa heroe uwaridi wake, akizipata kwa kula mwani wa maziwa ya magadi kama Nakuru na Bogoria. Na ndege hao walipokufa kwa maelfu katika miaka ya 1990, watafiti wa Kenya na Ujerumani walipitisha sampuli za viumbe mfano wa mwani kutoka chemchemi za moto za Bogoria kwenye mitambo ya kromatografia. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003: humo mlikuwa na sumu za ini na za neva.