Thomas Burrill na ugonjwa wa mipea

Thomas Jonathan Burrill alizaliwa mwaka 1839 huko Pittsfield, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1848 wazazi wake walihamia Illinois. Alisomea ualimu, akahitimu mwaka 1865, akawa msimamizi wa shule za mji wa Urbana. Chuo kikuu kipya kilipofunguliwa mjini humo mwaka 1868, aliajiriwa kufundisha aljebra. Muda si mrefu akakabidhiwa botania na kilimo cha bustani.

Siku hizo wakulima wa Illinois walikuwa wakipoteza mipea na mitufaha yao. Maua yalinyauka, ncha za matawi zikajipinda, majani yakawa meusi bila kudondoka, kana kwamba moto umepita hapo. Mti uliozaa miaka mingi uliweza kufa katika msimu mmoja. Ugonjwa huo ulikuwa umeonekana karibu na mto Hudson tangu mwaka 1780, na kwa karibu miaka mia moja kila mtu alikuwa na maelezo yake: jua kali, baridi, wadudu, hata radi.

Burrill aliweka utomvu wa matawi hayo chini ya hadubini, akaona vijidudu tele vikitembea. Mwaka 1878 aliwaambia wakulima wa bustani wa jimbo lake kwamba huenda ndivyo vinavyoua miti. Lakini kuona si kuthibitisha: labda vijidudu vilifuata tu mti uliokwisha kufa, kama nzi wafuatavyo mzoga. Basi akauchanja mti mzima kwa utomvu wa mti mgonjwa, nao ukaugua. Mwaka 1880 aliyatangaza matokeo hayo mbele ya wanasayansi wa nchi yake. Ilikuwa miaka minne tu tangu Robert Koch aeleze bakteria wa kimeta, na wengi hawakukubali kwamba mmea nao huugua hivyo.

Pingamizi moja lilikuwa na haki: katika utomvu mna vitu vingi. Joseph Charles Arthur, huko Geneva, New York, ndiye aliyelijibu. Alikuza bakteria peke yao, mbali na utomvu, akawatia mtini, na ugonjwa ukatokea uleule. Mwaka 1891 Merton Waite alionyesha kwamba nyuki huwabeba bakteria hao kutoka ua hadi ua. Mnyauko wa migomba ulipothibitishwa Kivu ya Kaskazini mwanzoni mwa karne hii, huko nako wadudu wanaozuru maua walikuwa miongoni mwa wanaoueneza.

Kwetu sisi wa lugha, jina lina kisa chake. Mwaka 1882 Burrill alimwita kiumbe huyo *Micrococcus amylovorus*, yaani mla wanga, kwa kuwa alidhani wanga wa mti ndio chakula chake. Baadaye ilibainika kwamba bakteria huyo hawezi kumeng'enya wanga. Mwaka 1920 jina la kwanza lilibadilishwa kuwa *Erwinia*, kwa heshima ya Erwin Smith, mtetezi mkubwa wa elimu hiyo. La pili lilibaki, likipata tu mwisho mpya, *amylovora*, kwa sababu kanuni humpa haki aliyetangulia kutaja, hata kama alikosea.

Burrill alistaafu mwaka 1912, akafariki Urbana mwaka 1916. Kosa lake dogo limo katika jina hadi leo, pamoja na ugunduzi wake.