Jackson, mwindaji aliyegeukia kulinda ndege

Ukitoka Kainuk kuelekea Lodwar, pale Kalemng'orok kuna hondohondo mwenye madoa meupe mabawani. Vitabu vinamwita hondohondo wa Jackson. Jackson ndiye nani?

Frederick Jackson alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1860. Alifika Lamu 1884, kijana wa miaka 24, na hakuja kutawala. Alikuja kuwinda tu! Mwaka 1889 Kampuni ya IBEA ikampa msafara wa kwenda Uganda. Akiwa kaskazini mwa Mlima Elgon akisaka pembe za ndovu, Mjerumani Carl Peters alifika kambini kwake Mumias, akafungua barua zake, kisha akamtangulia kwa Kabaka Mwanga. Uwindaji ulimponza. Mwaka 1897 askari wa Kisudani walioasi Uganda nusura wamuue kwa risasi.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Aliwapiga, akawachuna, akapeleka ngozi London. Huyo hondohondo na kwale mmoja wa milimani walipewa jina lake 1891. Basi aliyewaua ndiye aliyewajua, na alijua pia kuwa wanaweza kwisha.

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba jijini London: tumbusi na bundi wasiuawe, nao kanga, kwale na tandawala wawindwe kwa kiasi. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kazi rasmi, ila sheria za makoloni ya Waingereza zilifuata mkondo huo. Jackson, aliyekuwa Naibu Gavana Nairobi tangu 1907, alikuwa mmoja wa waliozisimamia. Mwaka 1909 akawa rais wa kwanza wa chama cha wapenzi wa viumbe ambacho leo tunakiita Nature Kenya.

Tusimpambe mno, lakini. Leseni ilimfaa mwenye bunduki na pesa. Mwafrika aliyetega kitoweo kama babu zake, ghafla akaitwa jangili.

Kuanzia 1911 alikuwa Gavana wa Uganda. Alifariki 1929 kitabu chake kikubwa cha ndege kikiwa hakijakamilika, W. L. Sclater akakimalizia, kikatoka 1938.

Kenya ilipopiga marufuku uwindaji 1977, kanga na kwale waliendelea kupigwa kwa leseni. Kule Kalemng'orok, vijana wanaochunga mbuzi bado huwaona kanga wakishuka kunywa maji asubuhi.