Siti binti Saad, shahidi wa wanyonge

Kabla filamu na runinga hazijaingia majumbani mwetu, habari za watu wa kawaida wa Afrika Mashariki zilisikika kwenye santuri, na sauti iliyozibeba ilikuwa ya mwanamke wa Unguja, Siti binti Saad. Wengi wetu hapa Michenga tunalijua jina lake kuliko maisha yake.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya bara: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Akaitwa Mtumwa. Hakupelekwa shule; alijifunza ufinyanzi na kutembeza vyungu, akinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba, na baadaye watu wakamwita Siti, yaani bibi wa heshima.

Zama zile taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Siti, Mwislamu aliyejua dhiki ya maskini, aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, nazo zikaenea mwambao mzima. Mchukuzi na mpishi wakayasikia mambo yao wenyewe. Waliomwonea wivu walimdhihaki kwa sura na asili yake. Akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri si hoja, hoja ni akili.

Wimbo wake wa Kijiti unasimulia habari ya mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekwenda ngomani akauawa na mwanamume aitwaye Kijiti. Muuaji akavuka bahari, akatoroka. Mahakamani, wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti hakuwa na cheo cha kumtoa mtu gerezani. Alichokuwa nacho ni sauti, naye akaitumia: hukumu ilikwisha kortini, lakini mitaani kesi iliendelea kuimbwa.

Alifariki Julai 8, 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba ukweli ni akili kulingana na jambo lilivyo. Maisha ya Siti yanatuongezea kwamba ukweli huo una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni shahidi. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo wanaojua binti fulani ametendewa nini, nao hunyamaza kwa kuogopa kuitwa polisi au kugombana na ndugu. Hofu yao ina sababu. Wale wanawake wa Unguja walifungwa kweli. Ila amri ya nane haitukatazi uongo tu, inatudai pia tuushuhudie ukweli. Basi shahidi asiachwe peke yake. Anaposimama kusema, jumuiya nzima isimame naye.