Mackay na Kisiwa cha Ukerewe

Waumini wa Mkuyuni wenye ndugu Ukerewe hushuka bandarini Mwanza, wakapanda meli, na baada ya saa chache wako Nansio. Mwaka 1878 Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, alitaka kuvuka kwenda kisiwa hicho akitokea Kageye, na watu walimsihi asiende.

Walikuwa na sababu. Desemba iliyotangulia, wamisionari wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa huko. Mtemi Lukonge alikuwa na ugomvi na mfanyabiashara aitwaye Songoro. Songoro akawakimbilia wamisionari, nao hawakumfukuza. Wakafa pamoja naye. Hapo swali la Ayubu linauma: ikiwa Mungu ni mwema na ana uwezo wote, mbona aliwaacha watumishi wake wafe kwa kumhifadhi mtu?

Mackay hakupewa jibu. Alivuka bila silaha, akaketi na Lukonge, akamsikiliza, akarudi salama. Wengi wangependa Mungu apige radi papo hapo. Lakini radi hiyo ingempata Lukonge kabla hajaketi na mjumbe wa Injili hata siku moja. Uuaji ulitoka kwa yule adui aliyeanzisha uasi mbinguni, na Mungu hamshindi kwa kutumia silaha zake.

Je, mwenye imani hurudi salama siku zote? Hapana. Mackay alifika Buganda Novemba mwaka huohuo, akafundisha vijana kusoma na kuwachapia Maandiko kwa mashine. Tarehe 31 Januari 1885, Kabaka Mwanga akiwa mgeni katika kiti cha enzi, watatu kati ya vijana hao walichomwa moto. Wawili walikuwa wamekamatwa wakiwa naye njiani kwenda ziwani. Alisihi waachiliwe, asisikilizwe. Mungu yuleyule aliyemlinda Ukerewe alinyamaza Buganda, na Mackay hakuacha kumwomba wala kufundisha.

Mwaka 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko aliendelea kutafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda, hadi malaria ilipomuua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala, na huko amelala akingoja ufufuo.